Mwendo wa Tano

Mwalimu Sihaba Bwanaheri alikuwa hawezi kutulia. Katika chumba cha walimu meza yake iligusana na yangu, na kwa muda wote tuliofanya kazi pamoja sikumbuki kumwona amemaliza chai yake akiwa ameketi. Ataanza kuinywa kwenye kiti, ataimalizia dirishani, na kikombe tutakikuta barazani. Hata kwenye vikao mguu wake wa kushoto ulikuwa ukigonga sakafu, mpaka mkuu wa shule, Mwalimu Abdillah, amtazame juu ya miwani, ndipo alishike goti kama mtu anayemtuliza mtoto.

Maisha yake nayo yalikwenda hivyo hivyo. Alizaliwa Kaole, binti wa mkulima wa minazi. Alipomaliza shule aliingia polisi, akapangiwa bendi, akafundishwa kupiga klarineti. Alipiga kwenye magwaride na kwenye mazishi ya wakubwa, kisha akaacha. Akapiga kwenye bendi ya hoteli moja ya ufukweni, akaacha. Akaolewa Tanga, akarudi. Akasomea ualimu, akafundisha Kibiti, akahamia Mkuranga, na mwishowe akaomba kuletwa kwetu, shule ya sekondari iliyo kando ya barabara kuu ya Dar, kusini mwa mji wa Bagamoyo. Alifikia kwa dada yake, Esha, huko huko Kaole, na kila asubuhi alikuja kwa miguu kwa njia ya mashambani. Esha hajapata kulala nje ya Kaole isipokuwa kwa msiba. Aliniambia siku moja kwamba mdogo wake hajafukuzwa mahali popote. Pakianza kumzoea tu, yeye huyo, kafunga mizigo.

Kwetu alipewa somo la Muziki kwa kidato cha pili, somo jipya lisilokuwa na mwalimu wala ala hata moja. Alikuja na spika yake ndogo na simu, basi. Mimi hufundisha Jiografia, na darasa langu lilipakana na lake, kwa hiyo mengi ya nitakayosimulia niliyasikia kupitia ukutani kabla ya kusimuliwa naye.

Kilichomsumbua mwanzoni ni kile alichokiita kipimo: kujua mapigo ya muziki yamepangwa mangapi mangapi, na lipi kati yake ndilo zito linaloanza upya. Watoto wetu wamekulia kwenye maulidi na ngoma za harusi, kupiga makofi si kazi kwao. Kuhesabu ndiko kulikowashinda. Akiwachezea wimbo wowote, watapiga vizuri kabisa. Akiwauliza moja iko wapi, kila mmoja ataionyesha mahali pake. Alijaribu nyimbo za redioni, alijaribu kuandika ubaoni, alijaribu kugonga meza. Nilimsikia akitembea huku na huku mbele ya darasa, viatu vyake vikienda kasi zaidi kadiri saa ilivyosogea.

Wakati huo aliwahi kuniambia, akichungulia nje ya dirisha, kwamba huenda akaomba uhamisho mwisho wa mwaka. Sikushangaa.

Kisha Haidar, mwenzake wa zamani katika bendi ya polisi aliyekuwa akipiga tarumbeta, akamtumia kwa simu muziki wa okestra. Ni lile kundi kubwa la wapiga fidla na tarumbeta na ngoma za shaba wanaokaa mbele ya mtu mmoja mwenye kijiti. Haidar aliandika maneno machache tu: mtunzi wake ni Mmarekani mweusi, na aliutunga kwa ajili ya watu wa mji mmoja wa kusini mwa Marekani waliogoma kupanda mabasi, wakatembea kwa miguu zaidi ya mwaka mzima, kwa sababu ndani ya mabasi hayo mweusi alilazimishwa kukaa nyuma na kumwachia mzungu kiti.

Sihaba alinipa kipande kimoja cha kisikilizio, kingine akatia sikioni mwake. Mwanzoni nilisikia fidla zile kubwa, zinazosimama kama mtu, zikidonolewa kwa vidole, pole pole, kama watu wengi wanaotembea bila kuzungumza. Hapo kipimo kilikuwa cha nne, akaniambia. Halafu katikati pakatokea kitu ambacho sikuweza kukieleza. Ulikuwa ni mwendo ule ule, lakini kila nilipodhani nimeukamata, ulikuwa umeshanipita.

"Limeongezeka pigo," Sihaba alisema. "Sasa ni tano."

Mguu wake, niliona, ulikuwa umesimama.

Siku iliyofuata aliwachezea kidato cha pili. Wakapiga makofi sehemu ya kwanza, wakapotea sehemu ya pili, wakacheka. Ashrafu, kijana mchekeshaji wa darasa, akasema labda wapigaji walichoka wakasahau. Hapo Sihaba akazima spika, akawatoa nje, akawapanga mistari uwanjani kama askari.

Nilisimamisha somo langu nikatazama, na wanafunzi wangu wakatazama pia. Aliwatembeza kwanza kwa nne. Aliwaambia wakanyage kwa nguvu kila wafikapo moja, na moja ikaangukia mguu wa kushoto, kila mara wa kushoto, kama kwenye gwaride. Hiyo waliipata mara moja. Kisha akawaambia wahesabu tano. Wakaenda hatua chache, wakaanza kugongana. Wengine waliruka ili warudi kwenye mguu wa kushoto, wengine walisimama kabisa.

"Msirudi," aliwaambia. "Uacheni. Mara hii uzito uko kushoto, mara ijayo uko kulia. Hakuna mguu wa kubeba peke yake."

Msichana mmoja aitwaye Khairat ndiye aliyeushika kwanza. Alikuwa binti wa Bwana Azan, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, mmoja wa wale Waarabu wa asili ya Oman ambao babu zao wamezikwa Bagamoyo. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti nzito isiyolingana na umbo lake, na asiyependa kuambiwa jambo mara mbili. Alitembea peke yake hadi mwisho wa uwanja akihesabu kwa sauti, akageuka, akarudi, na hakukosea. Wenzake wakamfuata. Kabla kengele haijalia, uwanja mzima ulikuwa ukikanyaga, mara kushoto, mara kulia, na vumbi lilikuwa limefika madirishani mwetu.

Waliporudi ndani, Khairat aliuliza muziki ule unahusu nini. Sihaba aliwaeleza: mabasi, viti vya nyuma, watu wazima waliotembea kwenda kazini na kurudi, mvua na jua, wakakatishwa tamaa na kutishwa, na hawakupanda mpaka sheria ikabadilishwa.

Lazima niseme hapa jambo ambalo kila mtu wa huku analijua. Wanafunzi wetu wengi hutoka mjini, na asubuhi makonda hawawataki, kwa kuwa mwanafunzi hulipa nauli pungufu. Gari likifika kituoni, konda husimama mlangoni akachagua watu wazima, mtoto wa shule akashikwa bega akarudishwa chini. Wanaosubiri wakichelewa, hupewa adhabu langoni mwa shule. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu sisi wenyewe tuko shule.

Ashrafu akasema kwa mzaha kwamba wao wana bahati, hawana haja ya kugoma, maana hata wakitaka kupanda hawapandishwi. Wenzake wakacheka kidogo. Khairat hakucheka.

"Wale walikataa," alisema. "Sisi tunakataliwa. Si kitu kimoja." Akafikiri. "Basi tusisubiri kukataliwa."

Sihaba alinieleza baadaye kwamba aliyasikia maneno yale vizuri sana, na alijua yanaelekea wapi. Alikuwa amefungua kinywa ajibu. Kengele ikalia, watoto wakasimama, naye akakifunga.

Jumatatu iliyofuata walikuja kwa miguu. Hawakupita kituoni kabisa. Walikutana mjini mapema, wakaja kando ya lami, wawili wawili, wakipiga makofi na kukanyaga kwa tano, Khairat mbele. Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Sihaba alitoka chumba cha walimu mbio, akasimama langoni, na nilipomfikia alikuwa amejishika mikono nyuma kwa nguvu, kama anayeogopa itafanya jambo bila ruhusa yake. Watoto wakamwamkia shikamoo wakipita, naye akaitikia marahaba, marahaba, hadi wa mwisho.

Kesho yake walikuja wengi zaidi, na kidato cha kwanza nao wakajiunga. Kwa vile hawakuwa wakisubiri gari, hakuna aliyechelewa. Mwalimu Abdillah alifurahi. Alisimama mbele ya gwaride la asubuhi akawasifu kwa kujali muda, akasema madarasa mengine yaige. Makonda waliwapungia mikono wakipita, wengine kwa kejeli, mmoja akapiga honi akijaribu kufuata mapigo yao, akashindwa.

Sihaba siku hizo hakupata usingizi mzuri, na ungeliona hilo machoni mwake. Alifurahi na aliogopa, na vyote viwili vilimfanya atembee. Alikuwa akifika shule kabla ya mlinzi kufungua ofisi, anakwenda langoni, anarudi, anakwenda tena. Nilimuuliza kwa nini asiwaambie tu wapite njia ya ndani, mbali na magari. Alisema alifikiria hilo. Alisema akiwaambia wapite njia fulani, atakuwa amewatuma. Na akiwakataza, atakuwa amewanyang'anya kitu walichokipata wenyewe. Kwa hiyo alinyamaza, na kila asubuhi aliwahesabu langoni.

Wiki ya pili mvua za vuli zikaanza. Asubuhi ile kulikuwa na manyunyu, na lori lilikuwa limeegeshwa pembeni ya barabara likiwa limeharibika. Watoto walilazimika kuingia kidogo kwenye lami ili walipite. Khairat alikuwa amerudi nyuma kuwarekebisha wadogo waliokuwa wamepotea hesabu. Bodaboda iliyokuwa ikilipita gari jingine haikumwona hadi ilipomfikia. Ilimgonga mguu ikamwangusha, na dereva wake naye akaanguka, akachubuka mikono.

Ashrafu ndiye aliyekuja shuleni mbio kutuambia. Alikuwa analia waziwazi, yule mtoto asiyekuwa na neno ila mzaha.

Hospitali ya wilaya waliupiga picha mguu wa Khairat, wakakuta mfupa wa chini ya goti umevunjika, wakamfunga plasta. Nilikwenda na Sihaba. Kwenye korido kulikuwa na benchi refu, na watu walimwambia dada kaa, mwalimu kaa, naye kila akigusa benchi akawa ameshainuka. Mama yake Khairat alipotoka wodini, Sihaba alimwendea, akamshika mikono, asiweze kusema zaidi ya pole. Mama yule alimwangalia bila hasira wala upole, akasema mtoto amelala.

Mwalimu Abdillah aliitisha kikao cha wazazi. Walikuja wengi kuliko siku za matokeo. Alifungua kwa kusema uongozi wa shule haukujua lolote kuhusu maandamano hayo, na kwamba suala linachunguzwa. Mimi nilitazama chini. Walimu wote tulikuwa tumesimama nyuma yake siku ile alipowasifu. Nilimtazama Sihaba nikidhani atasema hilo, lakini hata hakuonekana kumsikia. Alikuwa anamtazama Bwana Azan.

Bwana Azan alikuwa mtu mzima mnene, mtaratibu, aliyevaa kanzu na kofia iliyofuliwa ikapigwa pasi. Alisimama akatoa salamu, akaitikiwa. Akasema hakuja kugombana. Alitaka kujua jambo moja tu, nani aliyewaambia watoto watembee barabarani.

Mwalimu Abdillah akaanza tena kuhusu uchunguzi. Sihaba akasimama.

"Sikuwatuma," alisema. "Ila muziki niliwapa mimi, na habari za wale watu niliwaeleza mimi. Khairat aliposema mbele yangu kwamba wasisubiri kukataliwa, nilimsikia, nikanyamaza."

Ukumbi ukaguna. Mzazi mmoja nyuma akasema ndiyo matatizo ya masomo ya starehe. Bwana Azan akainua mkono, wakatulia.

"Mwalimu," alisema, "angekuwa ni mwanao aliyesema vile, ungemkataza?"

Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza tulimwona Sihaba amesimama mahali pamoja bila kiungo chochote kutikisika.

"Ningetembea naye," alisema. "Hilo ndilo ambalo sikulifanya. Niliwangoja langoni."

Bwana Azan akaketi. Hakumtetea, wala hakumshtaki. Alisema tu kwamba binti yake anapiga hesabu zake kitandani kwa vidole na amewachosha nyumba nzima, na wachache wakacheka, na kikao kikaendelea na mambo mengine.

Uamuzi ulikuwa kwamba wanafunzi wasitembee tena kwa kundi wala kwa makofi, na halmashauri izungumze na wenye magari. Kweli walizungumza. Askari wa usalama barabarani akawekwa kituoni asubuhi, na makonda wakawa wapole, wanawaita watoto wanangu. Askari alipopangiwa kazi nyingine, mambo yakarudi yalivyokuwa. Watoto wakaachwa, wakachelewa, wakachapwa langoni, na baadhi wakaanza kutembea tena, safari hii kimya kimya na wametawanyika, jambo la hatari zaidi kuliko lile la kwanza.

Hapo ndipo Sihaba alipofanya jambo ambalo dada yake Esha hakuamini. Kila asubuhi, badala ya kukata mashambani kuja shule, alipanda bodaboda kutoka Kaole hadi mjini, akashuka walipokutana watoto, akatembea nao kurudi. Alivaa kizibao cha njano kinachong'aa alichoazima kwa mafundi wa barabara, akawa wa mwisho kwenye msururu, upande wa magari. Hakuna makofi, maana yamekatazwa. Mwalimu Abdillah alimwita akamkumbusha agizo. Alijibu kwamba agizo linahusu wanafunzi kutembea kwa kundi, na yeye ni mwalimu anayetembea kwenda kazini, na kama wapo wengine njiani hawezi kuwafukuza. Mwalimu Abdillah akavua miwani, akaifuta, akamwacha.

Alifanya hivyo muhula wote uliobaki, mvua na jua. Nilitembea naye mara kadhaa. Si kwamba alikuwa ametulia. Kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho shingo yake ilikuwa inageuka, anatazama nyuma, anatazama mbele, anasikiliza pikipiki. Akifika shule alikuwa amelowa jasho. Lakini kuhusu uhamisho hakunena tena. Siku moja aliniambia amemwomba Esha sehemu ya kiwanja cha baba yao, ajenge hata chumba kimoja. Alilisema kwa haraka, akatazama pembeni, kama mtu aliyetaja jambo la aibu.

Shule ilipofungwa mwezi wa Desemba, akahamishwa. Hakuomba. Alipelekwa shule iliyo upande wa Lugoba, kwenye barabara kuu ya kwenda Segera, akafundishe Kiswahili, kwa kuwa huko somo la Muziki halipo. Hakuna aliyesema ni kwa sababu gani, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza. Alikuja nyumbani kwangu mchana, akakaa kwenye mkeka, akakaa kweli, miguu ameikunja.

"Mwanajuma," aliniambia, "nimeondoka mahali pengi. Sijapata kuondolewa."

Tulikunywa chai, na kikombe chake alikimaliza pale pale.

Khairat alirudi shule mwezi wa Januari na magongo, baadaye bila magongo. Mguu umepona, ila akichoka unamvuta kidogo. Bwana Azan, ambaye hakuwahi kusema alifikia uamuzi gani kuhusu Mwalimu Sihaba, siku za mvua hutuma kirikuu, kigari kidogo cha mizigo cha dukani kwake, kikawapakia wadogo wote waliopo kituoni, awe anawajua au hawajui. Siku za jua wanatembea. Khairat hutembea wa mwisho, upande wa magari. Muziki umebaki kwenye ratiba ya shule bila mwalimu, na kipindi hicho huwa wanapewa kulima bustani.

Likizo ya Aprili nilikwenda kumtembelea Sihaba. Nilipita Msata, nikabadili gari, nikamkuta kwenye chumba cha kupanga nyuma ya maduka, karibu sana na barabara, malori yanapita mchana kutwa. Amekonda. Alinipikia wali na kunde, akala akiwa amesimama mlangoni. Alinisimulia kuhusu wanafunzi wake, wengi Wakwere, wanaomfundisha maneno yao na kumcheka anavyoyatamka. Jioni baada ya vipindi huwafundisha wachache wanaotaka kuhesabu mapigo, chini ya paa la maabara isiyokamilika. Wameshafika kipimo cha saba, alisema. Akanionyesha, akizunguka chumba kile kidogo, na ilibidi nivute miguu ili apite.

Alinisindikiza kituoni. Nilimuuliza kama pale panamfaa. Alisema watu ni wema.

"Ila huku watoto wanakaa karibu na shule," alisema. "Hakuna wa kutembea naye."

Nikamuuliza tena kuhusu kurudi. Ameomba, alisema. Hawajajibu. Ameomba mara ya pili. Alipokuwa akisema hayo basi langu lilikuwa linakuja, na konda ameshatoa kichwa nje anaita Msata, Msata. Nikapanda, nikapata kiti cha dirishani, nikageuka nimpungie mkono. Alikuwa ameshaanza kuondoka, anakwenda kwa haraka kando ya barabara, upande wa magari.